Sensa ya Joto

Kwanza niwape habari ya baridi, maana watu wa Dar wakisikia Sumbawanga wanauliza uchawi tu, baridi hawaiulizi. Basi waje Juni. Waje na kandambili zao na vishati vyao vya mikono mifupi, wasimame pale mtaani Izia saa kumi na mbili asubuhi upepo wa Ufipa ukiwapitia mgongoni, halafu watuambie nani kawaroga. Kipupwe kikishika huku mtu anaingia kuoga kama anayekwenda mahakamani, na ukimwona mtu amevaa koti moja tu, ujue la pili ameliomba kwa jirani na bado hajapewa.

Sasa ndani ya baridi hiyohiyo Mzee Eustace alijenga nyumba ya pwani. Sitanii. Alipelekwa semina Dar es Salaam siku tano, akalala kwenye nyumba ya wageni yenye dari refu na madirisha ya aluminiamu ya ukuta hadi ukuta, akaipenda, akarudi na ramani yake kwenye begi. Akaijenga Izia vilevile ilivyo: marumaru chini kuanzia barazani mpaka chooni, jipsamu juu, vioo kila upande, na katikati ya sebule feni la darini lenye mapanga matano. Kule Dar nyumba ya namna ile hutoa joto nje. Na hapa Izia ilifanya kazi hiyohiyo kwa uaminifu mkubwa, ikatoa nje hata lile kidogo tulilokuwa nalo.

Eustace alikuwa mtendaji. Alianza mtendaji wa kijiji, akapanda kuwa mtendaji wa kata huko Nkasi, akakaa kazini miaka thelathini na moja, akastaafu akiwa na afya njema na sauti ileile. Mtu aliyezoea kuongoza vikao hastaafu kwa barua. Nyumbani aliendelea kama kawaida. Ugomvi na mkewe Fortunata aliufungua kwa kusema akidi imetimia, na alipoona anashindwa aliuahirisha. Jambo moja lilimkaa moyoni zaidi ya yote, nalo ni sensa ya mwaka 2022, aliyoisimamia katani kwake mwenyewe. Hakuna mgeni aliyeketi kwenye kochi lake akaondoka bila kusimuliwa jinsi Eustace alivyohesabu kaya zote asibakize hata moja, mpaka kaya ya mfugaji mmoja wa Kisukuma aliyehama na ng'ombe wake mara mbili makarani wakiwa njiani.

Lakini nisimwonee. Alikuwa na jambo lake la kweli, na jambo lenyewe ni mama yake.

Mama huyo ni Luciana, bibi wa miaka themanini na ushee, mkulima wa ulezi kule kijijini Kate maisha yake yote. Eustace alimtoka akiwa na miaka kumi na mbili kwenda shule ya bweni, na tangu hapo hawakukaa pamoja zaidi ya wiki mbili mfululizo. Aliyekaa na mama ni Coleta, dada yake mdogo. Coleta ndiye aliyelima, akateka maji, akampeleka hospitali, na Eustace ndiye aliyekuwa akitoa hotuba kwenye sherehe. Alipostaafu akatangaza mbele ya ndugu wote kwamba mama atahamia Izia, atakaa kwa mwanawe wa kwanza, atazeeka kwa heshima. Coleta hakubisha. Alisema tu kwamba mama kifua chake ni kibovu, daktari ameonya juu ya baridi, basi akae huko kipupwe hiki kimoja waone. Kikohozi kisiporudi, mama ni wa Izia. Kikirudi, anakuja kumchukua na hakuna kikao.

Bibi Luciana akaja baada ya Pasaka. Akawekwa sebuleni, kwenye kochi kubwa, chini ya feni. Mei ilipoingia baridi ya marumaru ikaanza kumpanda miguuni, naye akafanya ambalo mwenye akili yeyote angefanya: akachukua kigoda akaenda kwenye banda la jikoni huko nyuma, Fortunata alikokuwa akichemshia maharage kwa kuni, akakaa karibu na moto. Akaota kwa raha zake siku tatu. Siku ya nne katekista akaja kumsalimu, akapelekwa nyuma, akamkuta mama mzazi wa mtendaji mstaafu ana jivu mpaka kwenye nyusi.

Eustace aliona aibu mpaka masikioni. Akapiga marufuku. Alisema moshi unaleta kikohozi, na ni kweli moshi unaleta kikohozi, ila sababu ya kwanza ilikuwa katekista. Fortunata, ambaye hana maneno mengi lakini machache aliyonayo yana makali, alimwambia mapadri wazungu walipojenga nyumba zao huku miaka mia iliyopita waliweka moto sebuleni na dohani ya kutolea moshi, yeye mwana wa Ufipa kaweka feni. Hoja hiyo iliahirishwa.

Ndipo Eustace akaona video kwenye simu. Mzungu mmoja amevaa soksi anatembea nyumbani kwake, nje theluji, ndani yeye na fulana. Ukutani kuna kidude kama saa. Mzungu anaangalia simu yake, anagusa, anacheka, anasema nyumba yangu inanijua. Kidude kinaitwa thamostati, na si thamostati ya kawaida bali ile yenye akili, inayoongea na simu, ambayo katika nyumba za kisasa ndiyo inayoamua joto liwe kiasi gani na lini. Eustace aliirudia video ile mara nane. Hakumwona mwingine ila mama yake, kavaa kanga moja kwenye kochi, Coleta akija na kukosa la kusema.

Akaunda kamati. Mwenyekiti yeye, katibu yeye, mjumbe Fortunata, mwalikwa mama. Kikao cha kwanza kilifunguliwa kwa sala kisha kikapokea mapendekezo ya thamostati tatu, zote picha, zimeoneshwa kwenye simu. Ya kwanza ni ya duara, ya kupendeza, na sifa yake ni kwamba inajifunza yenyewe tabia za watu wa nyumbani bila kuambiwa. Hiyo mwenyekiti aliikataa palepale. Alisema katika utumishi wake wote hakuwahi kumvumilia wa chini yake anayejifunza mambo bila kuagizwa, na hataanza na kidude cha ukutani. Ya pili ilikuwa na kitufe kimoja cha kuzungusha, kulia joto, kushoto baridi, haina intaneti, haina simu. Fortunata akasema hiyo. Akasema hata yeye akiwa dukani mama anaweza kuizungusha. Mwenyekiti alimtazama kwa huruma, akaandika kwamba maoni ya mjumbe yamepokelewa.

Ya tatu ilikuwa ya mraba, ina kioo kipana, na programu yake ya simu ilikuwa na lugha arobaini, Kiswahili kikiwemo. Hapo mwenyekiti alisimama. Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, alisema, na hawezi kuamrisha joto la Tanzania kwa lugha ya kigeni. Ikapita kwa kauli moja, yaani yake. Kilipofika kipengele cha mengineyo, Bibi Luciana akauliza kwa upole moto wenyewe utakuwa wapi.

Swali la msingi kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na halikujibiwa. Si kwa dharau. Eustace hakulijua jibu. Alidhani kidude chenyewe ndicho kitakachopasha nyumba moto.

Kiliagizwa, kikaja kwa basi ndani ya boksi zuri kuliko boksi lolote lililowahi kushuka stendi ya Sumbawanga, na fundi akaitwa. Fundi alikuwa Yonas, kijana wa kama miaka thelathini, ana kibanda karibu na stendi, anafunga kamera na ving'amuzi, na kwa wenzake ni mambo na poa lakini kwa wazee anajua kushika adabu. Alitoa shikamoo, akafungua boksi, akasoma karatasi, akauliza hita ziko wapi. Eustace akauliza hita gani. Yonas akakaa chini. Akamweleza mzee taratibu kwamba hii kazi yake ni kupima na kuamrisha tu. Inaangalia baridi, inaagiza hita ziwake, inaagiza zizime. Yenyewe haitoi joto hata kidogo.

Mwingine angenuna. Eustace aliipenda zaidi. Kitu kinachokaa ukutani, kinatoa maagizo, na chenyewe hakizalishi chochote: miaka thelathini na moja alikuwa akitafuta mwenzake. Hita nne zikaagizwa zikaja, Yonas akazifunga, waya zikapita, intaneti ikaunganishwa, na kazi ikafika penye sehemu ya mwisho, ambayo naomba tuiangalie vizuri maana ndipo mambo yalipoharibikia.

Yonas alieleza kwamba mashine hii haipendi kupasha joto nyumba tupu. Inaangalia simu zilizoandikishwa. Simu ikiwa ndani, inajua mwenyewe yupo, inawasha. Simu ikitoka, inahesabu nusu saa halafu inazima. Sasa kwa watu wasio na simu, kama bibi, kulikuwa na vijicho vitatu vidogo vyeupe ndani ya boksi, vinabandikwa vyumbani, vinaona mtu akijisogeza. Akavitoa akavipanga mezani.

"Hizi ni sensa, mzee," alisema. "Zinahesabu watu walioko ndani. Tuziweke vyumba gani?"

Angesema macho, angesema vidude, tusingekuwa na hadithi. Lakini alisema sensa, kama mafundi wote wa nchi hii wanavyolitamka lile neno la Kiingereza, sensor, na alisema zinahesabu watu, mbele ya Eustace. Mzee alijinyoosha kwenye kiti. Akatabasamu kama mwalimu aliyeulizwa somo lake. Akamwambia kijana kwamba kuhusu sensa hapaswi kufundishwa na mtu. Sensa haifanyiki chumba kwa chumba, inafanyika kaya kwa kaya. Huingii kwenye vyumba vya watu ukaanza kuhesabu, ni utovu wa adabu na ni kinyume cha mwongozo. Unamtafuta mkuu wa kaya, unamwandika, na yeye ndiye anayejibu kwa niaba ya wote. Na tena sensa ni mara moja kila miaka kumi, na hii imeshafanyika.

Yonas alijaribu, nampa haki yake. Alisema hii si ile, mzee, hii ni ya umeme. Eustace akamwambia hata ile ya 2022 ilikuwa ya umeme, makarani walikuwa na vishikwambi. Kijana akajikuna kichwa, akauliza swali moja la mwisho.

"Sasa bila sensa, nyumba itajuaje kama bibi yupo?"

"Mimi nikiwapo, yupo," alisema Eustace.

Kwenye simu programu ikauliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: Ingiza wakaaji. Eustace akaandika moja. Chini yake jina lake kamili, na penye maelezo, Mkuu wa Kaya. Hata Fortunata hakumwandika, ingawa Fortunata ana simu, na simu yenyewe nzuri kuliko ya mumewe. Vijicho vikarudi kwenye boksi. Yonas akaaga, akaenda zake, na barabarani nadhani alisema maneno ambayo wazee hawasemewi.

Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe. Eustace hakutoka nyumbani hata kidogo, maana alikuwa akipokea wageni wa kuonyeshwa joto. Wanakuja na makoti, wanaketi, baada ya dakika kumi wanavua, mwenye nyumba anacheka. Digrii ishirini na mbili. Na Bibi Luciana, tusimfiche, alifurahi kweli. Alivua sweta, akanyoosha miguu, miguu yenyewe ikaacha kumuuma. Mchana wakiwa wawili alimsimulia mwanawe habari za baba yake marehemu ambazo hajapata kuzisikia, jinsi alivyokuwa mwoga wa nyuki na akaweka mizinga sita ili watu wasijue. Eustace alicheka mpaka machozi. Alikuwa na miaka sitini na moja na hajawahi kumsikiliza mama yake adhuhuri nzima. Akajiona mtoto. Hapo ndipo alipoutaka ushindi wake kuliko wakati wowote, na si kwa ajili ya Coleta wala katekista. Alitaka tu mama abaki.

Wiki ya pili akarudi kwenye shughuli zake. Mtu huyu ana kamati. Ana kamati ya ujenzi ya parokia, ana kamati ya maji ya mtaa, na asipokuwa na kamati hupitia ofisi za watendaji wa mjini kuwasalimu vijana waliopo na kuwaonyesha wanapokosea. Alikuwa akitoka saa mbili asubuhi, anarudi saa kumi au kumi na moja jioni. Fortunata naye yuko dukani kwake sokoni, anauza nafaka, anarudi wakati huohuo.

Yaliyokuwa yakitokea katikati Eustace hakuyajua, nawaambia mimi. Nusu saa baada ya geti kufungwa, hita zilikuwa zinasema ta, ta, ta, ta, taa nyekundu zinazimika. Nyumba yenye dari refu na vioo vya pwani ilikuwa haihitaji muda kupoa. Bibi Luciana alivaa sweta. Akavaa la pili. Akajitanda kanga, akatazama zile hita, akatazama kile kidude ukutani alichokiita karani, na hakugusa kitu maana hakikuwa chake. Ilipofika saa nne alitoka kwa mlango wa nyuma, akaenda bandani, akawasha vijiti viwili vitatu vya mkaratusi, akaota. Saa tisa na nusu akazima, akajifuta jivu, akanawa uso kwa maji ya baridi, akarudi kwenye kochi ili mwanawe asiaibike. Na nyumba, ikiisikia simu ya Eustace inakaribia Izia, iliwaka upesi. Mzee anaingia, joto hilo. Anauliza umeshindaje mama. Mama anasema nimeshinda vizuri. Hivyo siku ya kwanza, hivyo siku ya tisa. Kikohozi kilianza siku ya sita, kikavu, na akakificha kwenye kanga.

Mtaniuliza, simu haikumwambia? Ilimwambia kila siku. Ilitetema mfukoni, ikaleta ujumbe, na Eustace akaona kichwa chake, Taarifa ya Nyumba, akairudisha mfukoni kwa kuridhika. Mwenyewe aliandika taarifa za utekelezaji kila robo mwaka kwa miaka thelathini na moja, na alijua vizuri kwamba taarifa si kitu cha kusoma.

Siku hiyo ya tisa, Alhamisi alasiri, jumuiya ya Kikristo ya mtaani ilikutana kwa Avelina. Huyu Avelina ni mwenyekiti wa jumuiya, mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu mwenye miwani minene, anayesoma kila kitu kwa sauti ya darasani hata karatasi ya dawa. Masomo ya siku hiyo yalikuwa juu ya kuwaheshimu wazazi, na Eustace akaomba nafasi kabla haijatolewa. Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima. Alisema wako watu wanawaacha wazee wao kwenye vibanda vya moshi huku wao wamelala kwenye blanketi. Wengine wakainamisha vichwa, maana iliwagusa. Akasema yeye hasemi kwa kujisifu, bali kwa ushuhuda, kwamba muda huu tunaozungumza mama yake ameketi kwenye digrii ishirini na mbili. Akasema si maneno, ushahidi upo. Akatoa simu, akafungua, akampa mwenyekiti asome, maana yeye miwani ameisahau.

Avelina akasogeza simu, akaisogeza tena, akasoma.

"Taarifa ya Nyumba. Nyumba yako imejihisi tupu. Hakuna mtu ndani. Joto limepumzishwa tangu saa mbili na nusu asubuhi. Sasa ni digrii kumi na mbili."

Mwalimu hasomi mstari mmoja akaacha. Akapandisha kwa kidole. Jumatano, nyumba yako imejihisi tupu. Jumanne, hakuna mtu ndani. Jumatatu hivyohivyo. Akaenda mpaka wiki iliyopita, sauti yake ikizidi kupungua, kisha akavua miwani akaifuta ingawa haikuwa chafu. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililouma. Avelina alimrudishia simu yake kwa mikono miwili.

"Mzee Eustace," alisema, "kwani mama hayupo siku hizi?"

Eustace aliinuka. Alitoka bila kofia. Kutoka kwa Avelina mpaka kwake ni mwendo wa dakika ishirini, alitumia kumi, mzee wa kitambi chake, watu wakimsalimu na yeye haitikii. Akapitia geti, akaingia sebuleni, hakuna mtu. Hita zilikuwa zimeshawaka, zimemsikia anakuja. Akaenda nyuma. Bibi Luciana alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya vijiti vyake, amevaa masweta mawili na juu yake koti la kazi la Eustace lenye mfuko wa kalamu, na alikuwa akikohoa kwa namna ya mtu aliyedhani yuko peke yake. Alipomwona akataka kuinuka, akaanza kujipangusa jivu haraka haraka.

Eustace akakaa chini kwenye udongo, na suruali yake ya jumuiya.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, baba?"

"Kwamba joto linazimika nikiondoka."

Bibi akamtazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Nilidhani unalizima wewe," alisema. "Nikasema umeme ni mali, na mwenye nyumba akitoka kwa nini ateketeze umeme kwa kizee mmoja. Sikukasirika. Ulikuwa ukirudi unaniwashia."

Mtu akikutukana unaweza kujibu. Huyu hakutukana. Alikaa siku tisa kwenye baridi akiamini mwanawe amempimia joto na kuona hafai kupewa, na akaona ni sawa, na kila jioni akamwambia ameshinda vizuri. Eustace alifungua mdomo aeleze habari za mashine, simu, sensa, mkuu wa kaya. Kila neno alilolishika liligeuka mkononi na kumwonyesha yeye. Mwisho akasema kwamba si yeye aliyezima, ni mashine, haikujua kama kuna mtu. Mama akauliza, bila ubaya wowote, kama hakuna aliyeiambia. Eustace akalia. Akasema ni moshi. Moshi wenyewe vijiti viwili.

Fortunata aliporudi jioni akakuta kikohozi wazi, hakikufichika tena. Hakumgombeza mumewe. Alimkanda mama kifua kwa maji ya moto, akamnywesha uji wa ulezi, halafu akampigia Coleta simu, na Eustace alimsikia anapiga, akamwacha apige.

Ijumaa asubuhi Yonas aliitwa kwa haraka ya msiba. Safari hii mzee alikuwa mpole kupita kiasi. Vijicho vitatu havikutosha, vikatafutwa vingine mjini, vikabandikwa sebuleni, chumba cha mama, korido, stoo, mpaka chooni. Kwenye simu akaandika wakaaji watatu, na jina la Luciana akalitanguliza juu ya lake. Ikapasha. Asubuhi mpaka jioni digrii ishirini na mbili, yeye awepo asiwepo. Alitoka nje ya geti makusudi akasimama barabarani saa nzima, akarudi, akakuta joto lipo na mama amesinzia kwenye kochi. Akajiambia yamekwisha, yamerekebishwa, kosa la kiutendaji tu. Mimi nilimwonea huruma wakati huo kuliko kabla yake.

Coleta alifika Jumamosi na basi la asubuhi. Aliingia, akavua koti kwa mshangao, akasifu nyumba ilivyo na joto, na alisifu kwa dhati. Kisha akaweka sikio kwenye mgongo wa mama yake, kama alivyokuwa akifanya miaka yote, akasikiliza. Alipoinuka akaenda kufunga mizigo. Eustace akamfuata chumbani. Akaeleza. Akaahidi daktari, akaahidi dohani, akasema atang'oa feni leo hii. Coleta alikunja kanga zote akamaliza, ndipo akamwambia kaka yake kwamba amemsikia, na kwamba walipatana.

Eustace akarudi sebuleni, akamgeukia mama. Alitaka aseme yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, kama anataka kukaa au kuondoka. Na mama hakuwa na hasira naye hata kidogo; hasira ingekuwa nafuu. Alimshika mkono akamwambia nyumba yake ni nzuri sana, na kwamba kule Kate kuna moto mdogo ambao hata Coleta akienda shambani yeye anaweza kuuchochea mwenyewe.

Jumatatu akawasindikiza stendi. Basi la Namanyere linalopita Kate lilikuwa limejaa magunia na watu wenye makoti, na Eustace alimpandisha mama yake, akamkalisha dirishani upande wa jua, akamfunika blanketi jipya, akashuka akasimama chini. Alikuwa hajanyoa. Injini ilikuwa inaunguruma, kondakta anahesabu abiria kichwa kwa kichwa, na mama alikuwa mmojawapo. Eustace akasogea dirishani. Hata hapo, na moyo wake ulivyokuwa, kilichomtoka ni kile alichokizoea.

"Mama, watu wakiniuliza nitasema nini?"

Bibi Luciana alifikiri. Alimfunga mwanawe kifungo cha juu cha koti kupitia dirishani.

"Waambie nipo nyumbani," alisema.